Kufuli la Difu katika Pikapu Kuukuu za Tabora na Njia ya Misafara

Kufuli la difu ni kifaa kinachoyafunga pamoja magurudumu mawili ya ekseli moja, la kulia na la kushoto, yakawa yanazunguka kwa mwendo mmoja, hata ikiwa moja limekanyaga ardhi thabiti na jingine linaning'inia hewani au limezama topeni. Mafundi na madereva wa Tanzania huliita loki. Na difu yenyewe ni lile kasha la chuma lililotuna katikati ya ekseli, ambamo nguvu ya injini, ikisha kuletwa na propela, hupinda na kugawanyika kwenda magurudumuni. Katika mkoa wa Tabora, na katika nchi zote zilizopitiwa na njia kongwe ya misafara, kutoka Tura hadi Unyanyembe, palipo mji wa Tabora, na kutoka Unyanyembe hadi mto Malagarasi na Ujiji, kifaa hiki kinasifiwa na wengi kwa jambo kisiloliweza, ilhali lile kinaloliweza halifahamiki sana. Kwani kufuli haliongezi nguvu ya gari, wala halileti mshiko mahali usipokuwapo, bali kazi yake ni kuizuia nguvu iliyokwisha kupatikana isipotelee kwenye gurudumu lisiloweza kuitumia.

Kazi ya difu na kasoro yake

Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda masafa marefu kuliko la ndani. Pikapu ambayo nafasi baina ya magurudumu yake ya kulia na ya kushoto ni mita 1.4, ikizunguka duara kamili, gurudumu la nje litakuwa limekwenda takriban mita 8.8 zaidi ya mwenziwe, duara liwe kubwa au dogo. Lau ekseli ingekuwa kipande kimoja cha chuma, gurudumu moja lingelazimika kuburura, tairi zingelika upesi, na usukani ungekuwa mzito mkononi. Ndiyo maana pinieni, yaani gia ndogo iliyo mwisho wa propela, huizungusha krauni, na krauni hulizungusha kasha dogo lenye gia za spaida, na spaida hizo huyapa magurudumu mawili ruhusa ya kutofautiana mwendo huku yote mawili yakivutwa.

Hikima hiyo ina gharama yake. Difu ya kawaida, isiyo na kufuli, hugawa msukumo sawasawa kulia na kushoto, na kwa hiyo haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi msukumo mkubwa kuliko ule unaopokelewa na lile linaloteleza. Gurudumu moja likiwa hewani, haliwezi kupokea chochote, kwa kuwa hakuna kinachoupinga mzunguko wake. Na mwenziwe, ajapokuwa juu ya mwamba, naye hupata kama hilo, yaani karibu na bure. Dereva hukanyaga mafuta, gurudumu moja likazunguka kwa ghadhabu na kurusha tope, jingine likasimama kimya, na gari lisitikisike.

Wengi hudhani kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne limesalimika na msiba huo. Sivyo. Gari la namna hiyo lina difu mbili za ekseli, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina kasoro ile ile. Hivyo gurudumu moja la mbele likipoteza mshiko, na moja la nyuma vivyo hivyo, gari lenye magurudumu manne ya kuvuta hukwama mahali pale pale.

Asili

Difu ya magari ilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1820 na Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, kwa ajili ya gari la mvuke. Haja ya kuifunga ilidhihirika baadaye, magari yalipoanza kuacha barabara na kuingia mashambani, vitani na machimboni. Unimog ya Ujerumani, iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wakulima, ilikuwa na makufuli ya difu ya mbele na ya nyuma tangu kiwandani. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, haikuwa na kufuli la ekseli, wala hazikuwa nalo zile zilizoifuata ambazo zilienea Afrika ya Mashariki, pamoja na ile iitwayo 109, ambayo nambari yake ni inchi zilizo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Toyota iliyatia makufuli katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, lakini kama nyongeza ya hiari, wala si katika kila gari. Na nchini Australia, katika miaka ya 1980, lilitokea kufuli linaloendeshwa kwa upepo, ambalo kampuni ya ARB ililisambaza ulimwenguni, likawezekana kutiwa hata katika gari lililotoka kiwandani bila ya kufuli lolote.

Ardhi ya Unyamwezi na gurudumu

Njia ya misafara haikufanywa kwa ajili ya magurudumu. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa baina ya Bagamoyo na maziwa makuu katika karne ya 19, walipita kwa miguu, mmoja nyuma ya mwenziwe, na wanyama wa kukokota hawakuweza kuchukua mahali pao kwa sababu ya ndorobo. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwezi wa Novemba 1857, mizigo yao ilikuwa juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda. Na mwaka 1877, wamisionari wa London Missionary Society walipojaribu kupeleka magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea Ujiji, ng'ombe walikufa na magari yakaachwa njiani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikashika mwelekeo ulio karibu na ule wa misafara. Na barabara kuu ya lami, ilipokuja kujengwa, ikapita kaskazini, kwa Singida, Igunga na Nzega. Basi kwa miaka mingi nchi iliyo kando ya njia kongwe ikabakia na barabara za udongo, ambazo gari dogo haliziwezi wakati wa mvua.

Ardhi yenyewe ni ya namna mbili zinazopishana. Juu ya miinuko, penye miombo, kuna kichanga, chekundu au cha kijivu, kinachokunywa maji upesi na kuwa laini kabisa wakati wa kiangazi. Na mabondeni kuna mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua zikianza, kuanzia Novemba hadi Aprili, huvimba, huteleza na kushikamana na tairi mpaka kashata zake zisionekane. Mbuga ya Wembere upande wa Igunga, na mabonde ya Ugalla na Malagarasi upande wa magharibi na kusini, ni mifano mashuhuri ya udongo huo. Gari linalotoka Tabora kwenda Sikonge na vijiji vilivyo mbele yake, au Urambo na Kaliua kuingia katika mashamba ya tumbaku na misitu ya mizinga ya nyuki, hukutana na namna zote mbili katika safari moja, na kila namna hulitaka kufuli kwa hukumu yake.

Vifungo vitatu vinavyochanganywa

Katika magari makuukuu ya nchi hii kuna vifungo vitatu, na kuvichanganya kumewagharimu wengi fedha na siku.

Cha kwanza ni cha habu za mbele. Land Cruiser za zamani, na Land Rover nyingi, zina habu za kuzungushwa kwa mkono, zilizoandikwa LOCK na FREE. Na utingo hushuka akazifunga kabla ya kuingia topeni. Kufunga huko huunganisha magurudumu ya mbele na ekseli zake tu, ili gia ya kuvuta mbele ikiingizwa iwe na kazi. Hakufungi gurudumu la kulia na la kushoto pamoja. Mwenye kununua pikapu kwa kuwa ameona neno LOCK juu ya habu, akadhani amepata kufuli la difu, hakulipata.

Cha pili ni kifungo cha difu ya katikati, kilichomo katika Land Rover za kuvuta daima kwa magurudumu manne, kama ile ya 110 iliyotolewa mwaka 1983. Hiki hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja, wala si magurudumu ya ekseli moja. Pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 40 na wa 75 hazina difu ya katikati. Zikiingizwa gia ya kuvuta mbele, ekseli mbili huwa zimekwisha fungwa moja kwa moja, na ndiyo sababu haifai kuziendesha hivyo juu ya lami kavu.

Cha tatu ndicho kufuli la difu hasa, na makala hii inahusu hicho.

Aina za makufuli

Makufuli ya hiari ni yale anayoyafunga na kuyafungua dereva mwenyewe. Ndani ya difu mna pete yenye meno, ambayo ikisukumwa huishika shafti ya upande mmoja na kuiunganisha na kasha la spaida, na spaida zikanyimwa nafasi ya kuzunguka. Kinachoisukuma pete hiyo ndicho kinachotofautisha jamii zake: katika Land Cruiser za mwanzo za mfululizo wa 70 ni waya unaovutwa, katika zilizofuata ni mota ndogo ya umeme iliyofungwa juu ya kasha la difu, na katika kufuli la ARB ni upepo wa kompresa. Kufuli la umeme la Toyota huendeshwa kwa kitufe cha duara kilichoko mbele ya dereva, na penye makufuli mawili, la nyuma hufungwa kwanza, ndipo la mbele. Na taa yake humetameta mpaka meno yaingie, kisha hutulia. Dereva mwenye pupa asiyeingoja taa itulie, akakanyaga mafuta, huyasaga meno.

Makufuli ya kujiendesha hayana kitufe. Hukaa yamefungwa daima, na gari likikata kona huliachia gurudumu la nje lipite mbele, kwa mlio wa kugonga unaowatia hofu abiria wasiouzoea. Ni imara na hayahitaji waya wala bomba, lakini hulipa gari tabia ya kuvuta kwa mshtuko, jambo lenye hatari juu ya utelezi.

Difu zenye kubana kwa sahani za klachi si makufuli kamili. Hupunguza tofauti ya mwendo, lakini gurudumu likiwa hewani kabisa msaada wake huwa mdogo, na sahani zikilika, difu hurejea hali ya kawaida bila ya mwenye gari kujua.

Ipo pia njia ya nne, isiyo ya kiwanda, nayo ni kuzichomelea spaida kwa moto wa umeme. Ni rahisi, na karakana yoyote huiweza. Lakini difu iliyochomelewa haifunguki tena. Tairi hulika, shafti hukatika, na usukani hukataa kona katika barabara kuu. Gari la shamba lisilotoka shambani laweza kuvumilia hali hiyo. Gari la kwenda mjini halistahili kufanyiwa hivyo.

Matumizi

Mahali kufuli linapodhihirisha thamani yake ni korongoni. Chukua pikapu iliyopakia marobota ya tumbaku, ikishuka korongo kwa mkingamo: gurudumu la mbele la kushoto linaingia shimoni na kupoteza uzito, na la nyuma la kulia linanyanyuka, huku yale mawili mengine yamelemewa na mzigo wote. Bila ya kufuli, magurudumu mawili mepesi huzunguka bure, na yale mawili mazito, yenye uwezo wote wa kuvuta, husimama. Kufuli la nyuma likifungwa kabla ya kuingia, gurudumu lililonyanyuka na lililolemewa huenda pamoja, na gari hupanda upande wa pili polepole, pasipo mbio wala kelele. Hali kadhalika njia yenye mifuo ya malori, ambapo upande mmoja wa gari umo mfuoni ndani ya maji na upande wa pili uko juu ya ukingo mkavu: hapo mshiko upo, ila uko upande mmoja, na kufuli huupeleka msukumo huko.

Kanuni za matumizi ni chache. Kufuli hufungwa gari likiwa limesimama au likitembea kwa mwendo wa mtu, kamwe si wakati gurudumu linazunguka. Hufungwa kabla ya tatizo na si baada ya kuzama. La nyuma hutangulia, na la mbele huongezwa ikiwa hapana budi, tena kwa njia iliyonyooka, maana likifungwa gari hutaka kwenda mbele moja kwa moja na usukani huwa mzito sana. Ikisha kupatikana ardhi ngumu, hufunguliwa mara moja. Na lisipofunguka, dereva hurudi nyuma kidogo au huuchezesha usukani kulia na kushoto, ili meno yaliyobanwa na msukumo yaachiane.

Mahali linapokosa faida, au likadhuru, ni juu ya mbuga iliyolowa sawasawa. Huko magurudumu yote manne hayana mshiko, na kuyafunga pamoja si kuwatajirisha maskini wanne kwa kuwafungisha ushirika. Bali mna hatari zaidi: barabara ya udongo iliyotunishwa katikati ina mteremko kila upande, na gurudumu lisilofungwa, japo halivuti, huendelea kulizuia gari lisiteleze kwa ubavu; lakini magurudumu mawili ya nyuma yakifungwa na kuanza kuzunguka kwa pamoja, yote mawili hupoteza uzuio huo, mkia wa gari ukashuka mtaroni. Dereva mzoefu, akifika mahali kama hapo, hulifungua kufuli ambalo mgeni angelifunga.

Katika kichanga cha kiangazi, upepo wa tairi huwa na hukumu kubwa kuliko kufuli. Tairi yenye paundi 40 ikishushwa hadi 18 au 20 hurefuka na kukanyaga mahali papana, na gari lililokuwa likijichimbia kaburi hutoka bila ya kufunga chochote. Ila pampu ya kuzijaza tena lazima iwemo garini, na mwendo uwe wa taratibu mpaka zijazwe.

Madhara

Difu isiyofungwa hulinda shafti kwa udhaifu wake yenyewe, kwa kuwa gurudumu jepesi linalozunguka bure hupunguza msukumo wa pande zote mbili. Kufuli huondoa hifadhi hiyo. Katika gia ya kwanza ya gia nzito, msukumo wa injini ya Land Cruiser huongezwa mara zaidi ya thelathini kabla ya kufika ekselini, na kufuli likiwa limefungwa huku gurudumu moja liko hewani, karibu wote hupita katika shafti moja. Shafti za Land Rover za kale, zilizojulikana kwa kukatika hata bila ya kufuli, haziwezi kulivumilia kama hazikubadilishwa kwa zilizo nene zaidi. Na upande wa mbele, jointi zilizomo ndani ya magurudumu huvunjika usukani ukikatwa sana huku mafuta yamekanyagwa. Taksiri hapa aghalabu si ya chuma bali ya mguu wa dereva.

Ukaguzi na matunzo

Mwenye kununua pikapu kuukuu, hasa iliyoletwa mtumba kutoka Japani au kupitia Dubai, aweza kulijaribu kufuli lake bila ya kufungua kitu. Magurudumu ya mbele hukingwa kwa mawe, ekseli ya nyuma hunyanyuliwa juu ya stendi mpaka magurudumu yote mawili yawe hewani, gia ikaachwa huru na breki ya mkono ikafunguliwa. Kisha gurudumu moja huzungushwa kwa mkono. Kufuli likiwa wazi, gurudumu la pili huzunguka kinyume. Likiwa limefungwa, yote mawili huzunguka upande mmoja. Kama kitufe kimebonyezwa, taa ikawaka, na gurudumu bado linakwenda kinyume, basi taa inasema uongo, na fundi ana kazi.

Adui mkubwa wa kufuli katika nchi hii ni maji na kukaa bila ya kazi. Ekseli iliyopata moto kwa safari ndefu ikitumbukia katika maji ya mto, hewa iliyomo hupoa na kujikunja kwa ghafula, ikayavuta maji kupitia oili sili. Na bomba la pumzi la difu likiwa limeziba kwa vumbi, hakuna njia nyingine ya hewa kuingia. Basi baada ya kuvuka maji marefu, kizibo cha chini hufunguliwa: oili iliyogeuka nyeupe imeingia maji na yapasa kumwagwa yote, na kizibo chenyewe, ambacho katika difu nyingi kina sumaku, hutazamwa, kwani unga mwororo wa chuma ni ulikaji wa kawaida, lakini kipande chenye umbo la jino ni habari ya msiba ulio njiani. Oili ya difu iwe ile iliyofanywa kwa gia za namna hiyo, wala si ya injini. Mota ya umeme na waya wa kuvuta hushika kutu zisipotumika. Kwa hiyo kufuli hufungwa na kufunguliwa walau mara moja kwa mwezi juu ya ardhi laini, hata wakati wa kiangazi ambapo halihitajiwi.

Hali ya sasa

Lami imeendelea kuifikia nchi ya njia kongwe, pamoja na kipande cha kilomita 85 baina ya Nyahua na Chaya, ambacho zamani kilikuwa miongoni mwa sehemu ngumu za safari ya Tabora na Itigi. Na magari mapya huzuia gurudumu linaloteleza kwa kulikamata breki lenyewe, kwa amri ya kompyuta. Hata hivyo lami hufuata barabara kuu, na mazao, asali, chanjo na wagonjwa hutoka katika njia za kando, ambako pikapu za miaka ya 1980 na 1990 zingali zinafanya kazi kwa kuwa springi zake ni za majani, injini zake hazina kompyuta, na vipuri vyake hupatikana. Mwenye gari la namna hiyo na fedha kidogo hufanya vyema kuanza na tairi nzuri, pampu, koleo, mbao mbili na mnyororo, kisha kufuli la nyuma peke yake. Na kufuli la mbele, ambalo ndilo ghali na ndilo livunjalo zaidi, alingoje mpaka njia azipitazo zimthibitishie kwamba la nyuma halitoshi.